Tarehe Isiyotiwa Wino Mwekundu

Kwenye ukuta wa maabara ya mwanga, katika chuo kimoja pale Cholula, palikuwa na kalenda yenye madoa mekundu kama mtoto mwenye surua. Kila doa lilikuwa sikukuu ya mtakatifu wa mtaa fulani, na kila mtakatifu ana fataki zake. Fataki za Cholula si za kuchezea. Ni ufito mrefu wenye baruti kichwani. Mtu anaushika mkononi, anauwasha, anauachia, nao unapanda na kupasuka juu ya mapaa mpaka vikombe vinalia kabatini. Aliyetia madoa yale alikuwa Edelmira Cuautle, fundi wa maabara, mwanamke wa miaka arobaini na sita, mfupi, mwenye mikono iliyotulia na roho isiyotulia hata siku moja. Kila Januari alikaa na kalamu yake akaipitia miezi yote kumi na miwili. Siku yenye doa, mtambo hauwashwi. Sheria hiyo aliiweka mwenyewe na hakuna aliyethubutu kuibishia.

Mtambo wenyewe ulikuwa mtego wa mwanga. Si uchawi, ingawa mama mkwe wake Edelmira alikufa akiamini ni uchawi. Unachukua mwanga wa leza, unaupitisha kwenye vioo vinne, unaubana kwa lenzi ya hadubini mpaka unakutana mahali pamoja padogo mno ndani ya tone la maji. Hapo punje ya plastiki, ndogo kuliko vumbi, inanaswa na kutulia. Ukiusogeza mwanga, punje inafuata, bila mkono wala uzi. Edelmira alikwishayaona hayo mara elfu, na kila punje iliponasa bado alizuia pumzi.

Mitego ya namna hiyo huuzwa na watu wa mbali, imefungwa ndani ya sanduku ambalo mwanafunzi haruhusiwi hata kulichungulia. Wa Edelmira ulikuwa wa vipandevipande. Aliukereza mwenyewe kwenye mashine ya karakana: bamba la alumini lenye matundu, vishikio vya vioo, miguu ya lenzi, kila kipande kimetiwa alama ya rangi ya kucha, ya waridi kwa ya waridi, zambarau kwa zambarau. Asubuhi ulikuwa wa kufundishia, wenye leza nyekundu hafifu. Ukitaka, unaufungua, unahamisha vioo viwili, unabadili leza, na baada ya dakika arobaini ni mtambo wa utafiti, unashika chembe za damu. Rangi hiyohiyo ya kucha ndiyo aliyoitumia kuziba kingo za vioo vidogo vinavyoshika tone la maji. Mwenye duka la vipodozi alidhani Edelmira ana mabinti watano wa kuozesha, naye hakuwa na hata mmoja.

Chini ya bamba kulikuwa na trei ya mchanga, chini ya mchanga mipira ya ndani ya matairi ya pikipiki iliyojazwa upepo nusu, na chini ya mipira nguzo nne za matofali. Matofali hayo yalitoka tanuri la kaka yake, Crisóforo, mchoma matofali kama baba yao. Aliyaleta mwenyewe kwa toroli, akayapanga mwenyewe kwa pimamaji, akakataa hata soda.

Sasa, mwaka huo, tume ya elimu ilitaka kuvipatia vyuo vitano mitego ya kufundishia. Ama ingekuwa ya Edelmira, ama masanduku ya kigeni. Wakichagua masanduku, karakana ingefungwa, kwani nani angehitaji mkerezaji wa vyuma, na Edelmira angehamishiwa stoo kugawa viti na chaki. Tume ilisema itakuja kuuona mtambo ukifunguliwa na kufungwa upya mbele ya macho yao, kisha punje ishikwe dakika kumi bila kuponyoka. Ikiponyoka, basi.

Barua ya tume ilipendekeza tarehe ishirini na tatu Septemba. Aliyeijibu ni Daktari Noemí Arrambide, mkuu wa maabara, mtu wa Hermosillo huko kaskazini, ambaye mpaka leo hawezi kutofautisha mtakatifu mmoja na mwingine. Hakukurupuka. Alisimama mbele ya kalenda, akaweka kidole kwenye ishirini na tatu, akaiona nyeupe kabisa, akaandika kwamba siku hiyo inafaa.

Edelmira alipoliona jibu hilo, alilisoma mara mbili. Ishirini na tatu Septemba ni San Lino. San Lino ni mtaa wake yeye, alikozaliwa, ulioegemea ukuta wa nyuma wa chuo. Alikuwa ametia doa sikukuu za mitaa arobaini, na ya kwao hakuitia, kwa sababu nani huandika jina la mama yake asije akalisahau? Siku hiyo hakuwahi kuwa kazini hata mwaka mmoja. Huwa yuko kwao, anakoroga mole, ule mchuzi mzito wa pilipili wa sikukuu. Nyani haoni kundule.

Daktari Noemí alipiga simu mara tatu. Jibu likawa lilelile: tarehe hiyo, au mwaka ujao, na mwaka ujao masanduku yatakuwa yameshanunuliwa.

"Fataki zitakuwa nyingi kiasi gani?" Daktari aliuliza.

"Ni kwetu, Daktari," Edelmira akajibu. "Kwa fataki hatujizuii."

Kubwa zaidi hakumwambia. Msimamizi wa sikukuu ya San Lino mwaka huo alikuwa Crisóforo.

Kama hujakaa Cholula hutaelewa uzito wake, lakini uchukue hivi: mtu anaandikisha jina lake kijana, na zamu inamfikia akiwa na mvi. Crisóforo alisubiri miaka kumi na minane. Tangu ikabidhiwe kwake, sanamu ya mtakatifu ilikaa chumba cha mbele nyumbani kwake, na yeye na mkewe Eufrasia wakahamia chumba cha nyuma na magunia ya mahindi. Zamu haiji mara mbili. Anayeipata huzikwa akitajwa nayo.

Edelmira alimkuta Jumapili kwenye uwanja wa tanuri, anageuza matofali mabichi. Alimzunguka na maneno ya mvua na bei ya kuni mpaka kaka mtu akachoka.

"Sema, Mira. Ukianza na mvua najua kuna gharika."

"Kaka, nina ombi baya."

"Mazuri unampelekea nani? Maana mimi sijawahi kuyaona."

Akamwambia. Fataki zinyamaze siku ya San Lino, kuanzia saa nne mpaka saa sita. Eufrasia, aliyekuwa ameinama kwenye karai la mahindi, akajinyoosha taratibu.

"Wifi, saa mbili tu? Na kengele je, tuzishone midomo? Na bata mzinga wa mole nao wachinjwe kwa ishara?"

"Mwache aseme," Crisóforo alisema.

Lakini Edelmira alikwishasema yote. Crisóforo akafuta mikono kwenye suruali, akamweleza kama mtu anayemweleza mgeni, jambo ambalo lilimuuma Edelmira kuliko matusi. Fataki si za msimamizi. Kila fungu limeletwa na mtu kwa nadhiri yake: huyu goti lake lilipona, yule mwanawe alirudi salama kutoka ng'ambo ya mpaka. Msimamizi ni mtunzaji tu. Na ibada ya sikukuu inaanza saa nne, mtakatifu anatoka mlangoni mwa kanisa kama saa tano na robo. Hizo za kutoka mlangoni ndizo kubwa kuliko zote, na kwa desturi dazeni ya kwanza ni ya msimamizi mwenyewe, anaiwasha kwa mkono wake.

"Mtakatifu akitoka mlangoni bila fataki," alisema, "atajuaje kwamba tumemwona?"

Edelmira alitazama viatu vyake vilivyojaa vumbi la tofali. Kaka yake akamuuliza hicho kidude chake kisipotulia inakuwaje, naye akamwambia bila kuzunguka: karakana inafungwa, yeye anakwenda stoo, na kazi ya miaka yake yote inavunjwa iuzwe kwa kilo.

Crisóforo aligeuza matofali mengine kama ishirini hivi. Kisha akavaa kofia yake.

Alizunguka nyumba kwa nyumba siku nne. Edelmira alifuatana naye nyumba mbili, akashindwa. Bibi mmoja, mwenye goti lililopona, alimsikiliza Crisóforo mpaka mwisho, akasema amekubali kwa heshima ya marehemu baba yao, si kwa heshima ya mashine. Mzee mwingine aliuliza kwa sauti, mlango wazi, kama chuo ndicho kilichokuwa msimamizi mwaka huu. Crisóforo alivua kofia akasema asante kwenye kila mlango, hata ule. Makubaliano yakawa haya: alfajiri mpaka saa nne, fataki watakavyo, saa nne mpaka sita, kimya, saa sita kamili, zote zilizozuiwa zitawashwa kwa pamoja.

Siku zilizobaki Edelmira hakuwa mtu wa kukaa naye. Kila kitu kilimtia hofu. Aliogopa mvua, aliogopa umeme kukatika, aliogopa skrubu moja ya kishikio cha tatu ambayo haikuwa na kosa lolote. Aliogopa zaidi kwamba kaka yake angedhalilika na punje iponyoke vilevile. Usiku aliota ameishika ile punje kwa vidole naye akaiangusha jikoni kwa Eufrasia, mahindi yamejaa sakafuni. Mchana aliijaribu mara nne, tano: dakika kumi, kumi na mbili, kumi na tano. Ilishika kila mara. Badala ya kutulia, akaanza kuamini kwamba inamalizia bahati yake yote mapema.

Tarehe ishirini na tatu ilianza saa kumi alfajiri kwa milio, kama ilivyo ada. Saa nne kamili pakawa kimya. Edelmira, aliyekitamani kimya hicho kuliko chakula, kilipofika kilimtisha. Hakuwahi kuisikia San Lino imenyamaza siku ya mtakatifu wake.

Wajumbe wa tume walikuwa watatu, na mkubwa wao Injinia Baltasar Quiroz, bwana mwenye sharubu na saa ya kusimamisha iliyoning'inia shingoni kama kocha. Watu watano chumba kimoja, jua la Septemba linachoma kioo, joto likapanda.

"Kwa kuwa leo hakuna kelele, tufungue dirisha," Daktari Noemí alisema, akalifungua. Miaka sita dirisha lile lilikuwa halifunguliwi, kwa sababu ya fataki, kengele na moshi wa matanuri.

Kisha Injinia akauliza lile boksi jeusi juu ya mtambo ni la nini. Lilikuwa boksi la mkate wa sikukuu, Edelmira amelipaka rangi nyeusi ndani na nje. Akajibu ni kifuniko cha kuzuia vumbi la matofali. Injinia akasema wangependa kuona viungo vyote, si ndiyo sifa ya mtambo usio na siri? Edelmira akalitoa, akaliweka chini ya meza.

Kazi ya kufungua na kufunga aliimaliza kwa dakika thelathini na nane. Mikono yake ilienda yenyewe, waridi kwa waridi, zambarau kwa zambarau, wala hakudondosha hata skrubu moja. Mjumbe mmoja aliomba ajaribu kukaza kishikio kimoja, akakaza, akafurahi kama aliyepewa pipi. Hata Daktari Noemí alianza kutabasamu.

Saa tano kasoro dakika kumi punje ikanaswa. Injinia akabonyeza saa. Wote wakatazama kioo cha kompyuta, kipunje cheupe katikati ya maji ya kijivu. Dakika moja. Mbili. Kikaanza kuyumba. Dakika ya nne kikaruka pembeni, kikapotea.

"Hutokea," Daktari Noemí alisema haraka mno.

Edelmira akatafuta punje nyingine, akainasa, saa ikaanza upya. Dakika mbili tu, ikaenda. Akakagua skrubu ya kishikio cha tatu: imekaza. Akagusa bamba: limetulia. Nje hakuna mlio, kimya kama kaburini, na punje zinaponyoka kama zina miguu. Akainasa ya tatu, nayo haikufika dakika tatu. Injinia aliandika kitu kwenye daftari lake, akasema kwa upole kwamba saa sita na nusu lazima wawe njiani, wanasubiriwa mji mwingine. Upole huo ulimkata maini. Mtu akikukemea bado ana matumaini nawe.

Ilikuwa ni katika kuhangaika huko kwamba alisikia nyayo. Nyayo nyingi, upande wa pili wa ukuta, na sauti za kusali chinichini. Maandamano ya San Lino yalikuwa yanapita. Kutoka dirishani alimwona Crisóforo mbele ya mtakatifu, ndani ya koti lake la harusi, ameshika fimbo ya fedha ya usimamizi, macho mbele, midomo imebanwa. Watu walikuwa wakitembea wakitazamana. Hakuna fataki hata moja. Hivyo basi mtakatifu alikuwa ameshatoka mlangoni kimyakimya, na mwenye kosa alikuwa yeye aliyesimama dirishani. Edelmira alitamani ardhi impasukie.

Mbele ya sanamu wanawake walibeba vyetezo, na moshi wa ubani ukapanda ukutani, ukaingia dirishani, ukatambaa mpaka mezani. Na pale ulipoukuta mwanga wa leza, mstari mwekundu ambao siku zote hauonekani ukaonekana, wote, kutoka kioo hadi kioo. Moshi ulikuwa unazunguka, unajikunja, unapita ndani ya mstari ule na kuondoka. Edelmira alitazama moshi, akatazama dirisha, akatazama boksi chini ya meza.

"Ni hewa," alisema. "Daktari, ni hewa. Hewa ya dirishani inauyumbisha mwanga."

Daktari Noemí akajipiga paji la uso. "Mungu wangu. Hilo huwa nalifundisha mwaka wa kwanza."

Akalifunga dirisha. Edelmira akalirudisha boksi la mkate mahali pake. Moshi ukatua. Punje ikanaswa, ikakaa katikati, haikuyumba. Injinia akabonyeza saa, na Edelmira akainua macho kwenye saa ya ukutani.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika saba.

Hesabu haikuhitaji chuo. Dakika saba za kimya, dakika tatu za fataki, na si fataki za kawaida, bali zote zilizozuiwa tangu saa nne. Daktari Noemí alikuwa ameshaifanya hesabu hiyohiyo. Alianza kusogea mlangoni, akanong'ona kwamba atakimbia kumwomba Crisóforo dakika tatu zaidi.

"Usiende, Daktari," Edelmira alisema. "Ameshatoa vya kutosha."

Dakika saba hizo zilikuwa ndefu kuliko miaka sita. Edelmira hakukaa. Hakusali pia, kwa sababu angemwomba nani, San Lino? Kwa uso gani? Dakika ya tano. Ya sita. Punje imetulia. Injinia amekunja mikono, hajui linalokuja.

Saa sita kamili mbingu ikapasuka. Ya kwanza, kisha kumi pamoja, kisha hazihesabiki. Vioo vya dirisha vililia, vikombe vikagongana rafuni, mjumbe mmoja akainama. Mkono wa Edelmira uliruka kwenye swichi ya leza. Miaka sita ulifundishwa hivyo, fataki ikilia, zima. Ulifika juu ya swichi, kidole kikaigusa. Akaurudisha. Akaukalia, kweli kabisa, akaketi juu ya mkono wake mwenyewe kama mtoto aliyekatazwa kula, akatazama.

Punje ilitetemeka. Kila mlio ilitikisika, ikarudi katikati, ikatikisika, ikarudi. Haikuondoka. Dakika ya nane ilipita, dakika ya tisa, na chini kabisa nguzo nne za matofali zilisimama kama hazikuambiwa lolote. Dakika ya kumi Injinia alibonyeza saa, na fataki zikaendelea bila kumjali.

Ilibidi asubiri zipungue ndipo azungumze. Aliuliza kama waliwahi kuupima mtambo wakati wa fataki.

"Hapana," Edelmira akajibu. "Siku za fataki huwa tunauzima."

"Miaka yote hiyo? Mji huu?"

"Miaka yote."

Injinia akacheka, cheko la mtu aliyeona kitu chema, akasema ripoti yake haitakuwa na ugumu: mtambo unaostahimili hayo utastahimili wanafunzi. Vyuo vitano, mitambo mitano, kutoka karakana hii. Daktari Noemí alimkumbatia Edelmira mpaka miwani ikapinda. Edelmira alifurahi, nisiseme uongo, machozi yalimtoka. Lakini ndani ya furaha hiyohiyo akapiga hesabu nyingine. Kimya hakikuwa na kazi. Hakikuwahi kuwa na kazi. Bila kimya dirisha lisingefunguliwa.

Alasiri alikwenda kwa kaka yake. Meza zilikuwa zimepangwa uani kote, watu wanakula mole na wali, wengine walimsalimu, wengine waliona ni bora waendelee kutafuna. Crisóforo alikuwa kichwani mwa meza, bado ndani ya koti. Alimsogezea kiti, akamwekea bata mzinga, akangoja ameze tonge la kwanza.

"Kilishika?"

"Kilishika, kaka. Dakika kumi. Wameuchukua."

Aliitikia kwa kichwa, uso ukamfunguka. Akawageukia watu wa mezani, kama mwenye deni aliyepata risiti. "Mmesikia? Kimya chenu kimemsaidia."

Uongo ulikuwa umeshaiva mdomoni mwa Edelmira. Kusema ndiyo tu. Meza nzima ilikuwa inamtazama, na bibi mwenye goti alikuwa mmoja wao.

"Hakikusaidia," alisema. "Kimya ndicho kilichotufanya tufungue dirisha, hewa ikaingia, ikaharibu. Tulipofunga ndipo ikashika. Na saa sita fataki zilipoanza, ilishika vilevile."

Eufrasia aliweka chini sahani aliyokuwa ameibeba. Hakutania safari hii, na hilo ndilo lililokuwa baya. Crisóforo alimaliza kilichokuwa kinywani mwake, polepole.

"Zile nguzo zangu. Uliona zikitikisika?"

"Hapana."

"Matofali nilichoma mimi. Nikayapanga mimi, kwa pimamaji. Ukadhani fataki zitayashinda."

"Sikudhani, kaka. Niliogopa."

"Hukujaribu hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Hakukuwa na hasira usoni mwa kaka yake, na Edelmira angeipokea hasira kwa mikono miwili.

"Mlio wa kwenu, Mira," alisema. "Unauogopa mlio wa kwenu."

Kisha akasema ale, chakula kinapoa.

Baadaye, watu walipopungua, Edelmira aliingia chumba cha mbele kuwasha mshumaa. Juu ya meza ya mtakatifu, pembeni ya maua, kulikuwa na dazeni moja ya fataki iliyofungwa kwa utepe mwekundu. Ilikuwa dazeni ya msimamizi, ile ya mlangoni. Alimwita kaka yake, akamuuliza kwa nini hizi hazikuwashwa saa sita pamoja na nyingine. Crisóforo akasema hazikuwa za saa sita. Akamwomba, basi awashe sasa, au ampe yeye aziwashe kwa mkono wake mwenyewe, hata kama ataungua. Crisóforo alitikisa kichwa. Mtakatifu ameshatoka na ameshaingia. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jumatatu Edelmira alichukua kalamu, akatia doa ishirini na tatu Septemba, akalikoleza mpaka karatasi ikatoboka. Siku hizi mtambo huwashwa sikukuu zote, na wanafunzi hupima jinsi punje inavyotikisika kila mlio. Kuna daftari zima la hayo. Mitambo mitano ilikwenda kwenye vyuo vitano, na Crisóforo, bila kuombwa, alichoma matofali ya nguzo zote ishirini.

Usimamizi aliukabidhi mwaka uliofuata, mtakatifu akahamia nyumba nyingine. Ile dazeni ilibaki. Ipo mpaka leo, imening'inia kwenye boriti ya chumba cha kulia, utepe umepauka, baruti bila shaka imeshaingia unyevu. Edelmira akienda kula kwa kaka yake hutafuta kiti kinachoipa mgongo, na Crisóforo humvutia kile cha upande wa pili, kinachoitazama.